Mrefu Anaimba, Mfupi Ananuna: Maswali Yenu Kuhusu "You Can Call Me Al"

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kichupa kimoja cha mwaka 1986, "You Can Call Me Al" cha Paul Simon. Kwa ambaye hajakiona: kuna chumba kidogo kitupu, viti viwili na wanaume wawili. Mfupi ndiye mwenye wimbo. Mrefu ni mchekeshaji Chevy Chase, na ndiye anayeonekana akiimba. Sauti ni ya mfupi, mdomo ni wa mrefu. Hakuna kingine.

Mjomba alinionyesha nikacheka hadi machozi, lakini nikijaribu kumweleza mwenzangu kinachochekesha, nashindwa. Kuna nini pale? (Morogoro)

Kuna wizi wa mchana kweupe. Simon anajiweka sawa kuanza ubeti wa kwanza, na kabla hajafumbua kinywa jirani yake keshaanza kuuimba, tena kwa sauti ya Simon mwenyewe. Kuanzia hapo Simon hana kazi. Anakaa na uso wa abiria wa daladala aliyebanwa na mtu anayeongea na simu kwa sauti kuu: hawezi kushuka, hawezi kumnyamazisha, anabaki kutazama mbele tu.

Maumbile yanaongezea chumvi. Chase ana kama sentimita 193, Simon kama 160. Sauti ile nyembamba na ya haraka haraka ikitoka kwenye kifua cha jitu lile, macho yanakataa huku masikio yakikubali. Na Chase haimbi kwa kejeli, hapo ndipo penye ufundi. Anaimba kama mtu anayeamini kabisa kwamba wimbo ni wake, kila neno analipa nyusi, bega au kidole. Angekonyeza kamera mara moja tu, kwamba "mnaona ninavyomtania", kichekesho kingekufa palepale.

Sasa angalieni jinsi utani ulivyopangwa. Hakuna hadithi, kwa hiyo kinachosogeza mambo ni mpangilio wa wimbo wenyewe. Kila ala inapopata nafasi yake, kuna jambo jipya la kutazama. Simon, aliyeporwa kuimba, anageuka hamali ndani ya wimbo wake: anatoka, anarudi na tumba, anashika filimbi, anashika besi. Baadaye wote wawili wanakamata vyombo vya kupuliza na kuyumba pamoja kama wanabendi wa siku nyingi. Ukiitazama mara ya kumi unagundua kwamba umefundishwa kusikiliza: ukisikia filimbi unajua nani anaipuliza, ukisikia besi unajua inaingia wapi. Vichupa vingi vya kuchekesha vinachuja kwa sababu kichekesho kinapita juu ya muziki, ukishakijua umemaliza. Hiki kimefungwa kwenye muziki, na muziki mtu husikiliza tena.

Wazo lilikuwa la nani, na kwa nini Chase? (Nakuru)

Kulikuwa na kichupa kingine kwanza: Simon akiimba wimbo huu kwenye kipindi cha televisheni cha Marekani, Saturday Night Live, picha ikiwa imechukuliwa kupitia skrini ya monita. Hakukipenda. Kipya kikaongozwa na Gary Weis, na mtayarishaji wa kipindi hicho, Lorne Michaels, alichangia wazo. Watu hawa hawakuokotana. Chase alianza na kipindi hicho kilipozaliwa mwaka 1975, Weis alikuwa akikitengenezea filamu fupi, na Simon aliendesha toleo lake la pili kabisa, Oktoba ya mwaka huohuo. Unapoona jinsi wanavyovumiliana pale kitini, kumbuka ni marafiki wa miaka kumi na ushee.

Kuhusu Chase kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kabla ya uchekeshaji alikuwa mpiga drams, na chuoni aliwahi kupiga pamoja na Walter Becker na Donald Fagen, waanzilishi wa bendi ya Steely Dan. Mchekeshaji asiye na mapigo angechelewa nusu sekunde kila mstari.

Al ni nani? (Mombasa)

Ni Paul mwenyewe. Kwenye karamu moja mtunzi na kiongozi wa okestra Mfaransa, Pierre Boulez, alimwita Paul "Al" na mkewe wa wakati huo, Peggy, akamwita "Betty". Kosa hilo likawa kiitikio. Kwa hiyo kichupa kinaendeleza utani uleule: kwanza mtu kapotezewa jina, sasa anapotezewa na mdomo.

Shikamooni. Mimi ni mpiga besi kanisani. Ule mchapo wa besi karibu na mwisho nimeujaribu miezi miwili, nusu ya kwanza inakuja, nusu ya pili inakataa kabisa. Nakosea wapi? (Mbeya)

Marahaba. Hukosei popote. Nusu ya pili haikupigwa na mkono wa mtu.

Mpigaji ni Bakithi Kumalo, wa Soweto, kwa besi isiyo na freti. Alipiga mteremko mmoja wa haraka, kisha fundi mitambo Roy Halee akaichukua tepu ya mteremko huo, akaigeuza ichezwe kinyumenyume, akaiunganisha baada ya ile ya kwanza. Kwa hiyo unachosikia ni nusu halisi, halafu nusu ileile ikirudi ilikotoka, kama neno linalosomeka sawasawa kutoka kushoto na kutoka kulia.

Utatambua kwa sikio ukijua cha kutafuta. Kwenye nusu ya kwanza kila noti inaanza na mchapo wa kidole, *tak*, halafu sauti inafifia. Kwenye nusu ya pili mambo yamepinduka: sauti inavimba kutoka chini, na *tak* linakuja mwishoni. Hakuna kidole kinachoweza kufanya hivyo kwenye uzi, na hicho ndicho kilichokutesa miezi miwili.

Thibitisha mwenyewe kwa programu yoyote ya bure ya kuhariri sauti inayoweza kugeuza wimbo nyuma mbele:

1. Kata kipande cha besi peke yake. Kiko kabla dakika ya 4 haijaingia, na ala nyingine hunyamaza, kwa hiyo mipaka yake ni rahisi kuiona kwenye mchoro wa sauti.
2. Geuza kipande chote na ukisikilize. Kitasikika karibu kama kilivyokuwa.
3. Sasa kata katikati na ugeuze nusu ya pili peke yake. Utapata nusu ya kwanza.

Kwa jukwaani, piga mteremko kama ulivyo, kisha panda kwa noti zilezile kwa mpangilio wa kinyume. Usihangaike kuiga ule uvimbe. Ukitaka kuukaribia, fungua sauti ya gitaa taratibu kwa kidole kidogo baada ya kuchapa kila noti, ingawa kwa kasi ile wengi hushindwa kuwahi. Kosa la kawaida ni kukimbilia nusu ya pili kwa sababu mkono umeshaizoea njia: nusu zote mbili zina urefu sawa, na drams ikirudi utajikuta umefika kabla yake.

Ile filimbi ni ipi? Nimenunua filimbi ya plastiki ya shuleni, haitoi ladha ile. (Bujumbura)

Haiwezi kutoa. Ile ni filimbi ya bati, yenye matundu sita tu na haina tundu la gumba nyuma. Ni chombo cha kwela, muziki wa vitongoji vya Afrika Kusini wa miaka ya 1950, na neno lenyewe ni ndugu wa "kwea" yetu: kwela, panda. Ladha unayoitafuta iko kwenye shavu zaidi kuliko kwenye bati. Wapigaji wa kwela huinamisha kichwa, huizungusha filimbi kidogo kando na kuisukuma mdomo wake ndani ya shavu, hapo sauti inanenepa na noti zinaweza kupindwa. Ukiipuliza imenyooka kama mwanafunzi, utapata sauti safi isiyo na chumvi.

Anayeonekana kwenye kichupa ni Simon, lakini aliyeipiga kweli studio ni Morris Goldberg, mpiga saksafoni kutoka Cape Town aliyekuwa akiishi New York.

Wakuu, mimi na mshikaji wangu tunataka kuigiza kitu kama kile kwa wimbo wetu. Simu moja, chumba cha mita 3 kwa 4. Yeye mrefu kweli, mimi mfupi, lakini tukitazama tulichorekodi tunaonekana tumelingana! (Dar es Salaam)

Mmekaa karibu mno na kamera, na wewe mfupi umetangulia mbele. Pigeni hesabu kwa vipimo vya Simon na Chase. Kamera ikiwa mita 4 kutoka kwa mtu wa sentimita 193, mwenzake wa sentimita 160 akisogea mbele sentimita 68 tu, kwenye picha wanalingana kabisa. Hatua moja ya mtu mzima imefuta kichekesho chote.

Fanyeni hivi. Fungueni mlango mtoe kamera nje, kwenye korido, ili mpate mita 4 kamili. Bandikeni utepe sakafuni, mstari mmoja sambamba na kamera, na miguu yenu wote wawili iguse mstari huo. Tumieni lenzi ya kawaida ya simu, siyo ile pana ya kuchukulia kundi zima, kwa sababu pana inavuta kingo: anayekaa pembeni ananenepa na kichwa kinarefuka. Kamera iwe kwenye usawa wa kifua cha mfupi. Ukiipandisha juu sana, mrefu anapungua.

Viti viwe vya kimo kimoja. Jueni pia kwamba mkikaa tofauti inapungua, maana sehemu kubwa ya tofauti ya urefu wa watu iko miguuni. Ndiyo maana kukaa peke yake hakutoshi, lazima kuwe na kusimama, kutoka na kuingia.

Ukuta uwe mtupu. Kalenda, kabati la vyombo na pazia la maua vyote vinaomba kutazamwa, na kichekesho cha namna hii kinaishi kwenye nyuso mbili. Ila ukuta mweupe una mtego: simu inaona mwanga mwingi, inapunguza, na nyuso zetu zinaingia giza. Gusa uso kwenye skrini na ushikilie hadi simu ifunge mwanga, kisha upandishe kidogo kwa kidole. Usipoufunga, kila mrefu atakapoinuka na shati lake jeusi, picha itang'aa na kufifia kama taa ya jenereta inayokaribia kuzima.

Kuhusu kuigiza kuimba: mrefu asitikise midomo tu, aimbe kwa sauti kweli. Asiyeimba hapumui, shingo haikazi, na mtazamaji anahisi kasoro hata kama hawezi kuitaja. Andikeni maneno kwenye karatasi, msikilize wimbo mkiweka alama kila mahali mwimbaji anapovuta pumzi, na mrefu avute palepale. Pumzi ndiyo inayodanganya watu kuliko maneno. Na wewe mfupi, kazi yako ndiyo ngumu zaidi: usifanye chochote. Usimtazame kila sekunde, usitikise kichwa kwa huzuni. Tazama mbele, na mara chache sana geuza jicho.

Chukueni wimbo mzima bila kukata, mara tano au sita, kamera imesimama palepale. Mikato mingi inaua aina hii ya utani kwa sababu inamficha anayenuna wakati ambao tunataka kumwona.

Tumefanya pleibeki vizuri, mwanzo mdomo na sauti vinakwenda pamoja, lakini kufika mwisho vimeachana. Tatizo la simu? (Kampala)

Sikiliza vinavyoachana, ndipo utajua ugonjwa.

Vikiachana kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, ni mpangilio tu, sogeza sauti. Vikianza sawa na kuachana taratibu, ni kasi ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda video: chombo kimoja kinahesabu fremu 30 kwa sekunde, kingine 29.97. Tofauti ni moja kwa elfu, inaonekana ya kupuuza, lakini wimbo kama huu wa dakika 4 na sekunde 39 una sekunde 279, kwa hiyo mwisho wake umepoteza zaidi ya robo sekunde, yaani fremu 8. Vikiachana na kurudiana ovyo, simu imerekodi kwa kasi inayobadilika, jambo ambalo simu nyingi hufanya mwanga ukipungua. Pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya bure, uchague kasi isiyobadilika, ndipo uhariri.

Kinga ni bora. Wakati wa kurekodi, wimbo upigwe kwa spika kwa nguvu ili simu nayo iusikie, na mpige kofi moja mbele ya kamera kabla ya kuanza. Kwenye kuhariri linganisha mchoro wa sauti ya simu na wa wimbo halisi, kisha zima ile ya simu. Msitegemee sekunde mliyobonyeza kitufe: spika ya Bluetooth huchelewa, tena si kwa kiasi kilekile kila mara.

Na mkibaki na shaka ya fremu moja, acheni sauti ichelewe. Jicho hugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, ila ikichelewa huvumilia hadi kama 125. Ni kawaida ya dunia, ngoma ya mbali huonekana kabla ya kusikika.

Je, hicho ndicho bora kuliko vyote vya kuchekesha vya enzi ile? Mimi nasema "I Want to Break Free" ya Queen, na siyo kwa sababu Freddie ni wa kwetu. (Mji Mkongwe, Zanzibar)

Tunakubali sababu hiyo siyo, ingawa hatujui ingekuwa nini nyingine. Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, yumo mle na sketi ya ngozi, masharubu yake na mashine ya kufagilia zulia. Kichupa kilitoka mwaka 1984, mwongozaji David Mallet, na wimbo ni wa mpiga besi John Deacon, anayeonekana kama bibi kizee.

Kinachekesha kweli. Lakini kina sharti: kinaigiza tamthilia ya televisheni ya Uingereza, Coronation Street, na asiyeijua anapata nusu tu ya utani, anabaki na wanaume waliovaa magauni. Marekani nusu hiyo ilikosekana na wengi walikerwa. Cha Simon hakihitaji kujua kitu chochote nje ya chumba kile. Kwa uigizaji, hata hivyo, namna Freddie anavyosukuma ile mashine, tunampa kura yako.

Nimesikia Simon alivunja vikwazo vya Afrika Kusini kwa albamu yenye wimbo huu. Tucheke tu? (Toronto)

Jambo lenyewe ni la kweli. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeitisha kususia utawala wa ubaguzi hata kwenye sanaa, na Simon alikwenda Johannesburg Februari 1985 kurekodi na wanamuziki wa huko kwa ajili ya albamu ya *Graceland*. Aliwalipa mara tatu ya kiwango cha chama cha wanamuziki cha New York, na majina yao yaliandikwa. Waliompinga walisema malipo mazuri hayabadilishi swali: nani aliulizwa? Waliomtetea walitaja onyesho la Harare la Februari 1987, ambako Miriam Makeba na Hugh Masekela, wakimbizi wa utawala huohuo, walipanda jukwaani pamoja naye.

Kwenye kichupa chenyewe kuna upungufu unaohusiana na swali lako. Gitaa la Ray Phiri linasikika, besi ya Kumalo inasikika, filimbi ya Goldberg inasikika, na hakuna hata mmoja wao anayeonekana. Simon ananyang'anywa sauti kwa utani huku yeye akishika ala za wengine mbele ya kamera. Mtu anaweza kucheka na kuliona hilo kwa pamoja.

Kiliuza? (Kigoma)

Uingereza wimbo ulifika namba 4. Marekani mara ya kwanza uliishia namba 44, ukarudishwa sokoni mwaka 1987 na kupanda hadi 23. Kwenye tuzo za video za MTV za mwaka huo kichupa kiliteuliwa upande wa wanaume, kikashindwa na "Sledgehammer" ya Peter Gabriel, ambayo ilibidi mwenyewe alale chini ya kioo saa nyingi huku akipigwa picha moja moja. Simon alihitaji viti viwili.